Pini ya Kibyongo

Shambani, 4 Juni

Kwako Fundi,

Salamu sina. Ningekuwa nazo ningezituma kwa simu, lakini simu yangu umeifungia tangu Aprili. Kwa hiyo nakuandikia kama watu wa zamani, na barua nampa dereva wa lori la saruji, ambaye hana ugomvi na mtu.

Pini iko wapi?

Usiniulize pini gani. Trekta ambayo baba alituachia sote wawili imesimama bandani, kijiko cha mbele kiko chini, na ule mkono wa kuchimbia wa nyuma nimeufunga kwa mnyororo kama mbwa mkali, kwa sababu pini ya kwenye kiwiko haipo. Nimepekua sanduku la spana, nimepekua chini ya kiti, nimemsingizia mke wangu bure mpaka akaninunia siku mbili. Pini ya kilo tatu haiendi matembezi. Mtu wa mwisho kukaa kwenye Kibyongo ni wewe. Hata mama, aliyempa jina hilo siku ya kwanza alipouona ule mkono umekunjwa mgongoni, anasema tukuulize wewe.

Sasa sikiliza kwa nini naitaka. Maji ya mama yamekatika. Ulipoondoka tu bomba lilianza kukohoa, siku ya tatu likanyamaza. Chemchemi kule juu ina maji. Nimeweka sikio kwenye tangi la zege la baba na yanagugumia ndani. Maana yake bomba limeziba mahali fulani njiani, nalo ni mita mia tatu chini ya ardhi. Kwa mkono wa Kibyongo ningelifukua kwa siku mbili. Kwa jembe sijui.

Mama anachota mtoni. Ana miaka sabini na moja, na nyonga yake unaijua. Mimi nakaa ng'ambo ya kilima, nampelekea ndoo mbili asubuhi ninapoweza, zilizobaki anabeba mwenyewe na ukimkataza anakujibu kama uko darasa la tatu.

Mpe dereva pini. Maneno baki nayo.

Kaka yako


Karakana, 11 Juni

Kaka,

Pini ninayo. Iko kwenye kabati langu la nguo, nimeiviringisha kwenye taulo na grisi yake, na hapo itakaa.

Umeuliza kwa nini, nakujibu. Jumapili ile ya Aprili nilikukuta umepakia kijiko cha mbele kifusi mpaka kinamwagika, umekiinua juu ya kichwa chako, halafu unageuza trekta katikati ya mteremko. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa hewani. Baba alituambia mara ngapi kwamba mzigo hubebwa karibu na ardhi, kama mtu anayebeba sufuria ya uji wa moto? Nilikushusha kwenye kiti kwa sababu nilitaka kukuzika nikiwa mzee, si siku ile. Kama mkeo na dereva walicheka, hilo si shauri langu.

Mtu asiyejua kuendesha mbele, sitamwachia mkono wa nyuma. Mteremko kati ya chemchemi na nyumba ya mama umelainika. Ukishusha ile miguu ya pembeni mahali pabaya, trekta italala ubavu na wewe chini yake, kisha itateleza hadi jikoni kwa mama. Hasa pale kwenye kisiki cha mpera, usipaguse kabisa. Udongo wa pale ni mbovu kuliko kwingine kote.

Hata hivyo sielewi unahangaika nini na mita mia tatu. Baba alipanga mawe meupe kumi na nane juu ya bomba, kuanzia chemchemi hadi ukuta wa nyumba ya mama. Fuata mawe, gonga, sikiliza, chimba kwa jembe penye shaka. Au mawe nayo yamekwenda matembezi?

Nakuja Desemba kwa likizo. Nitaleta pini na bomba nitalitafuta mwenyewe.

Fundi


Shambani, 20 Juni

Kwako Fundi unayejua kila kitu,

Desemba. Nimemsomea mama neno hilo moja tu kutoka kwenye barua yako, akachukua ndoo akaenda mtoni.

Unakaa kwenye karakana ya watu, unakunja mikono ya ovaroli la bluu mpaka kwenye viwiko, na unatuamulia sisi tulioko shambani nani anywe maji na nani asinywe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada yangu. Trekta ni yangu kama ilivyo yako. Wewe unaijua kwa kitabu na kwa spana, mimi ndiye ninayeilaza na kuiamsha. Nani alisomba mbolea ya jirani zetu wote msimu uliopita? Nani alichimba msingi wa nyumba ya mhunzi, ukanyooka mpaka fundi mwashi akauliza ni kazi ya nani? Ulikuwepo?

Na kwa kuwa nimemtaja mhunzi: yule bwana hasahau wema. Amenitengenezea pini. Ameikata kwenye ekseli ya mkokoteni, akaipiga, akaitoboa tundu la kifungio, na imeingia kwenye kiwiko cha Kibyongo kwa nyundo tatu tu. Kwa hiyo ile ya kwako iache kabatini. Ivishe na soksi, isipate baridi.

Nimeshachimba mitaro miwili ya kukatiza mteremko na sijaligusa bomba. Habari za mawe ziache. Mawe ni mawe, mvua husogeza vitu.

Jambo moja tu limenikaa kichwani. Mteremko mzima unasema ni mbaya, lakini mahali ulipopataja kwa jina ni kisikini peke yake. Kwa nini kisikini?

Kaka yako


Karakana, 27 Juni

Kaka,

Sikupendi wiki hii, lakini soma barua hii mpaka mwisho kabla hujaiwashia moto.

Itoe hiyo pini. Pini ya kiwiko si kipande cha chuma chochote kilichoenea kwenye tundu. Ile ya kiwandani imepikwa, ngozi yake ni ngumu na ndani kuna unyumbufu. Ekseli ya mkokoteni ni chuma laini, ilizoea kubeba mahindi. Itajikunja kidogo kidogo bila kukuambia. Kila jioni igonge itoke, ifute grisi, uitazame. Ukiona imeanza kuwa na kiuno, itupe mbali, hata kama mhunzi atanuna. Usipite chini ya mkono ukiwa umeinuliwa. Usishuke kwenye kiti kabla hujaulaza chini. Na kabla ya kuchimba kandamiza kijiko cha mbele ardhini, ndipo ushushe miguu ya pembeni, yote miwili, si mmoja kama ulivyozoea.

Nimekuandikia haya kama fundi. Kama dada nakuambia hivi: kichwa chako ni kigumu kuliko pini zote mbili.

Kisikini ni kwa sababu mimi ndiye niliyesawazisha pale Aprili, mama alipotaka kiwanja cha mboga. Naujua udongo wake. Basi.

Na mvua haisogezi mawe kumi na nane ya kilo ishirini kila moja. Mvua gani hiyo ina mikono?

Fundi


Shambani, 9 Julai

Fundi,

Furahi. Imekatika.

Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye mtaro wa nne. Uko kisikini, ndiyo, nilichimba kisikini kwa sababu ulinikataza, na ungekuwa mimi ungefanya vilevile. Nilikuwa nimefika nusu mita chini. Nikauinua mkono ili nishuke nione kama kuna bomba, nikatoa mguu mmoja kwenye kiti, pini ikalia kama mtu anayevunja mua. Mkono ukaanguka pale mguu wangu ulipotaka kukanyaga. Mpira wa haidroliki ukachanika, mafuta yakaruka hadi kwenye shati, na yaliyobaki yameingia kwenye kiwanja cha mboga cha mama. Kibyongo amelala pale kisikini mpaka sasa, kiwiko wazi, kuku wanatagia kwenye kijiko chake.

Nilikaa chini palepale kwenye mafuta. Nakuambia hilo kwa sababu najua utaniuliza kama niliogopa. Niliogopa. Ulikuwa umeniambia nisishuke, nikashuka.

Hiyo ni habari ndogo. Habari yenyewe hii hapa. Alhamisi mama ameteleza kwenye njia ya mtoni akiwa na ndoo. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Daktari amemfunga plasta hadi karibu na kiwiko na kumwambia asibebe kitu kwa wiki sita. Alimwitikia vizuri sana, "Sawa daktari," na Ijumaa nilimkuta njiani na ndoo mkono wa kulia.

Nilimwambia, "Mama, kaa. Mimi nitabeba zote."

Akaniambia, "Wewe endelea kutafuta bomba."

Jinsi alivyolitamka lile neno "kutafuta" sikupenda.

Kama una moyo ndani ya hilo ovaroli, lete pini. Kama huna, usiniandikie tena.

Kaka yako


Karakana, 16 Julai

Kaka,

Dereva anakuletea taulo. Ndani mna pini, na mpira mpya wa haidroliki nimeufunga pamoja nayo. Ulivyosema uko nusu mita chini kisikini, umebakiza shibiri mbili tu ulifikie bomba. Utalikuta limebanwa bapa kama ukanda. Nimelibana mimi.

Ilikuwa Jumapili ileile. Nilikuwa nimetoka kukushusha kwenye kiti mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti kwamba kuna watu wamezaliwa kuendesha punda. Nikapanda mimi kuonyesha kazi inavyofanywa. Nikamfikisha Kibyongo kisikini, nikakandamiza kijiko, nikashusha miguu ya pembeni. Mguu wa kulia ukazama, nikasikia kitu kikipasuka chini. Maji yakatoka kidogo, yakazunguka kwenye chuma. Ninyi mlikuwa mmeshaingia ndani. Nilichota kifusi kwa kijiko nikafukia, nikapita juu mara mbili kwa magurudumu kukishindilia. Sijawahi kusawazisha ardhi vizuri vile.

Ilikuwa kazi ya msumeno na mita mbili za bomba. Ningeweza kukuita. Lakini ningekuita vipi, nusu saa baada ya yale niliyokutukana? Nikachomoa pini usichimbe ukaona, nikajiambia Desemba nitakuja nitengeneze kimyakimya na hakuna atakayejua. Mteremko wala haujalainika. Nilikudanganya. Mkono wa mama umevunjika kwa sababu hiyo, na nikilala nasikia ile ndoo inavyoviringika.

Sasa na wewe lako. Nilipokanyaga pale nilitafuta mawe ya baba. Mimi si mpumbavu, sishushi mguu wa chuma bila kuangalia. Sikuona jiwe hata moja, nikajua bomba halipiti pale. Jioni nilipokwenda kuokota mayai nikayaona, meupe vilevile, kwenye msingi wa banda la kuku ulilojenga kwa mama. Umelipaka lipu juu, lakini upande wa nyuma lipu ilikuishia. Nyani haoni kundule. Ungeyaacha mawe mahali pake, mguu wangu ungeshuka mahali pengine. Na ungekubali kwamba uliyang'oa, ungemwambia mama hujui bomba linapita wapi, usingechimba mitaro minne kama fuko.

Kwa hiyo tuko wawili. Wewe umeficha juu ya ardhi, mimi chini yake.

Tengeneza bomba. Mwambie mama lilikuwa limeziba mizizi. Usimwambie mengine. Nakuomba hilo, na unajua siombi.

Fundi


Nyumbani, 23 Julai

Kwa wanangu wawili,

Naandika nakala mbili kwa mkono wa kulia, ambao bado ni mzima. Moja anapewa dereva, nyingine nitaiweka kwenye mkono wa huyu wa hapa, pamoja na barua ya dada yake.

Barua hiyo dereva aliniachia mimi kwa kuwa mwenyewe hakuwepo. Niliifungua. Nilisahihisha maandishi ya watu kwa miaka thelathini na miwili, sikuona sababu ya kuanza kuona haya uzeeni. Pini nimeiona. Imo chini ya kitanda changu, na hakuna atakayeipata.

Binti yangu, unamwomba kaka yako asiniambie. Aniambie nini? Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni, naosha mchele. Niliona mguu wa Kibyongo ukizama. Nikaliona na bega lako likishuka, kama ulivyokuwa ukishusha ulipovunja vikombe. Kisha maji kwenye bomba la jikoni yakatoka mekundu, yakawa uzi, nikafunga. Nilikaa mezani nikasubiri uingie useme, "Mama, nimevunja bomba." Uliingia ukasema, "Mama, nimekusawazishia kiwanja." Ukala, ukanisifia wali.

Na wewe mwanangu wa kiume, mawe ya mume wangu niliyahesabu kwenye banda la kuku siku uliyomaliza kupaka lipu. Kumi na saba. La kumi na nane ninalo mimi, linazuia mlango wa jikoni, na kila ulipokuja kuniambia mvua imesogeza mawe ulilikanyaga kuingia ndani.

Mwanafunzi akikosea sikumwambia kosa. Nilimrudishia daftari, nikamwachia alione. Nikawarudishia daftari. Aprili, Mei, Juni, Julai. Nilibeba ndoo nikapita mbele yako wewe na mitaro yako, nikasubiri neno "Desemba" ligeuke liwe neno jingine. Niliona aibu kwa ajili yenu, kisha aibu ikaisha, ikabaki hasira. Mimi ninayo sasa hivi ninapoandika. Msidhani kwamba kwa kuwa naandika kwa mstari ulionyooka nimetulia. Nimevunjika mkono nikiwasubiri watoto wangu waseme ukweli, na ukweli umekuja kwenye bahasha ambayo haikuandikwa jina langu.

Kibyongo asiguse bomba. Mtalifukua kwa majembe, wote wawili, kutoka chemchemini hadi ukutani, na mawe mtayarudisha juu yake mmoja hapa na mwingine kule mpaka mkutane. Hadi hapo sitakunywa maji ya mtu mmoja.

Mama yenu, Mwalimu


Shambani, 30 Julai

Fundi,

Amenipa barua yako na yake kwa wakati mmoja, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza kusoma.

Sina la kukuambia kuhusu bomba ambalo hujajiambia mwenyewe. Ningekuwa na wewe pale Jumanne ile mkono ulipoanguka ningekutupia kitu. Kuhusu mawe, ndiyo, niliyang'oa. Nilikuwa na haraka ya msingi, na nilijiambia njia ya bomba naijua kwa macho. Sikuijua. Nililivunja banda jana. Kuku wanalala kwenye kijiko cha Kibyongo na wananitazama vibaya. Mawe kumi na saba nimeyapanga kando ya njia, lipu yake nimeibandua kwa patasi na mikono imechubuka.

Nilianza kuchimba peke yangu, kutoka chemchemini, nikidhani nikifika mbali atalainika. Hakulainika. Alikuja akatazama, akahesabu hatua, akasema, "Huu ni upande wako. Upande mwingine haujaanza," akarudi ndani.

Nikampelekea maji. Ndoo mbili zimejaa, nimezifunika kwa majani zisimwagike. Alinipokea mlangoni akanishukuru kwa adabu kama mgeni. Akazichukua moja moja kwa ule mkono mmoja, akazimwagia kuku. Kisha akaokota ndoo yake ndogo akashuka mtoni. Nilimfuata njia nzima nikimsihi. Pale alipoanguka siku ile aliweka ndoo chini, akashika mti, akapumua, akaendelea. Ameenda hivyo mara mbili leo. Jana mara mbili. Plasta imeingia matope hadi kwenye vidole.

Jembe lako nimelitia mpini mpya. Ndoo yako ni ile ya bluu, mshikio wake una ncha, uviringishie kitambaa.

Lori linaondoka huko Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, dereva nimeshamwambia akuwekee nafasi mbele.

Sikutaki hapa. Njoo.

Kaka yako